Wamama Wanaolisha Inchi

Wamama wapenzi, nani analisha mji wa Bukavu? Ni ninyi, na jembe lenu na mbuzi wenu. Lakini siku ya kupima watoto tunaona mtoto wa mkulima mwenye bwaki: miguu imevimba, nywele zimegeuka nyekundu, hacheki tena. Kwa nini? Maharagi na mayai yote yameenda sokoni, naye anakula bugali ya mihogo tu. Mihogo inashibisha tumbo, haijengi mwili. Uzeni, ndiyo, feza ya chumvi na ya masomo inahitajika. Lakini mbele ya kufunga gunia, toeni kwanza maharagi ya mtoto. Mumupondee vizuri, pamoja na sombe. Na mavi ya mbuzi musitupe! Yapelekeni shambani, maharagi yatazaa zaidi.