Kipakatalishi Kinapokataa Mfumo Mpya: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kufuta Diski

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Wakazi wengi wa Kilimani wanaofanyia kazi nyumbani, wanafunzi na wenye biashara ndogo kando ya Barabara ya Ngong wanatumia vipakatalishi vya mitumba, vile vinavyouzwa mjini kwa jina la ex-UK. Si haba wanaojaribu kubadilisha mfumo wenyewe, jioni, kwa flashi ya kuazima. Kazi hukwama katikati, na asubuhi mashine haifunguki kwa mfumo wa zamani wala mpya.

Hasara kubwa hapo si mashine. Ni hesabu za duka, picha za familia, au tasnifu iliyobakisha wiki moja. Kwa hivyo jambo la kwanza si kujaribu tena bali ni kuokoa faili. Ikiwa diski haijafutwa, mara nyingi faili bado zimo. Mfumo wa Ubuntu unaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi, kwa njia ya kujaribu tu bila kuuweka, kisha faili zikanakiliwa kwenye diski ya nje. Diski iliyofungwa kwa BitLocker huhitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, au ya mwajiri ikiwa mashine ni ya kazini. Bila ufunguo huo, hata fundi hodari hazisomi.

Baada ya hapo swali ni moja: kazi ilikwama wapi?

Ikiwa mashine haikuiona flashi kabisa, tatizo huwa ni jinsi flashi ilivyotayarishwa. Kunakili faili ya ISO kama wimbo hakutoshi; lazima iandikwe kwa programu maalum kama Rufus, au kwa chombo cha Microsoft chenyewe, kwenye flashi ya angalau GB 8. Kisha mashine huwashwa huku ukibonyezwa F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP, ili flashi ichaguliwe kwenye orodha.

Flashi zenyewe pia hudanganya. Zipo za bei ya kutupa zinazojionyesha kuwa GB 64 ilhali ndani zina sehemu ndogo tu ya hiyo. Faili za mwisho huandikwa pasipokuwepo, na usakinishaji hufa njiani kwa ujumbe kwamba faili haikupatikana au imeharibika. Programu ya H2testw hufichua udanganyifu huo, lakini hufanya hivyo kwa kuijaza flashi, basi itumike kabla ya kuweka chochote. Faili iliyopakuliwa kwa bando lililokatika-katika huleta dalili zilezile. Dawa yake ni kulinganisha alama ya SHA-256 na ile iliyochapishwa na mtengenezaji. Kwenye Windows amri ya certutil huitoa kwa dakika chache.

Hatua ya kuchagua diski ndiyo inayowapoteza wengi. Skrini inaposema kwamba diski ina mpangilio wa MBR na mashine inataka GPT, diski haijaharibika. Mpangilio wake ni wa zamani, na mashine imewashwa kwa njia mpya ya UEFI. Maelekezo mengi husema futa kila kitu, na hapo ndipo faili hupotea. Windows 10, tangu toleo la 1703 la mwaka wa 2017, ina chombo kiitwacho MBR2GPT kinachobadilisha mpangilio bila kufuta, ingawa nakala ya faili bado ni lazima iwepo.

Wakati mwingine hakuna diski inayoonekana hata moja. Kwenye mashine zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 na kuendelea, sababu ya kawaida ni kukosekana kwa draiva ya Intel ya hifadhi. Hupakuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kipakatalishi, hufunguliwa ndani ya flashi ileile, kisha huchaguliwa kwenye skrini hiyohiyo ya diski. Kununua SSD mpya kabla ya kujaribu hivyo ni kutupa pesa.

Windows 11 nayo ina masharti yake: RAM ya GB 4, diski ya GB 64, TPM 2.0, na kwa Intel kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. HP EliteBook 840 G3, ambayo imejaa madukani, ni kizazi cha 6. Haina kosa; ilitengenezwa mapema tu. TPM ikionekana kukosekana kwenye mashine mpya zaidi, huenda imezimwa ndani ya BIOS, ambako Intel huiita PTT. Kwa mashine ya zamani, Linux Mint au Ubuntu hufanya kazi vizuri bila malipo.

Mashine inayoanza usakinishaji upya kila inapojiwasha mara nyingi inarudi kwenye flashi tu. Ichomolewe baada ya kuwashwa upya mara ya kwanza. Inayoganda ovyo ijaribiwe kwa tundu jingine la USB, kisha RAM ipimwe kwa Memtest86+. Na chaja iwe imechomekwa, maana betri ya mtumba haisubiri stima zirudi.

Mashine ikifika kwa fundi, apewe namba ya kosa iliyoandikwa jinsi ilivyoonekana, pamoja na hatua ilipotokea. Vipakatalishi vingi vilivyouzwa na Windows tangu mwaka wa 2012 vina leseni ndani ya bodi yenyewe, hivyo hakuna haja ya kulipia ufunguo mwingine mradi toleo ni lilelile, Home au Pro. Diski ikibadilishwa, ile ya zamani irudishwe kwa mwenyewe, hata ikisemekana imekufa.