Kilima Kisicho Kilima: Somo Tulilolipata Kilimanjaro

Mpenzi msomaji, tuanze na swali. Mbona mlima mrefu kuliko yote barani Afrika ukaitwa kilima? Darasani tulifunzwa kwamba kiambishi ki- huleta udogo: mlango ukawa kilango, mto ukawa kijito, mlima ukawa kilima. Sasa kama Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ni kilima, kile kipandio cha nyuma ya bweni kinachotutoa jasho kila alfajiri tukiite nini?

Wataalamu wamelivuta jina hili huku na huku. Wapo wanaosema ni kilima cha Kiswahili kilichounganishwa na njaro, na hiyo njaro wameipa maana kadha wa kadha: mng'ao, pepo wa baridi, hata misafara. Wengine huitafuta asili yake katika Kichaga. Wachaga wenyewe, walioishi miguuni mwa mlima huo tangu enzi za mababu, walikuwa na majina ya vilele: Kibo na Mawenzi. Husimulia kwamba Mawenzi alikuwa kila mara akizimikiwa na moto na kwenda kuomba kaa kwa jirani yake Kibo, akapewa na chakula juu yake. Aliporudi tena na tena, Kibo alishikwa na hasira akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana hadi leo Kibo ni mviringo kama chungu kilichofunikwa, naye Mawenzi amechongoka na kuchanika kama jino bovu.

Kile cheupe cha kileleni nacho kiliwahi kukosa jina. Tarehe 11 Mei 1848, mmishonari Johannes Rebmann, aliyekuwa na makao yake Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima huo kwa mbali na weupe juu yake. Akamwuliza mwenyeji aliyemwongoza kile ni kitu gani. Yule bwana hakuwa na neno, akajibu kwamba ni baridi tu. Rebmann akaelewa kuwa ni theluji. Alipoandika habari hizo, wakubwa wa jiografia huko Ulaya walimcheka: theluji karibu na Ikweta! Nami nasema yule mwongozaji alijibu vizuri kupita wale mabwana. Hakujua jina la kitu, akakitaja kwa namna kinavyouma.

Sasa habari zetu. Tulikuwa wanne, sote wanachama wa zamani wa chama hiki. Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne na kufanya vibarua mwaka mzima tukingoja kwenda vyuoni. Mmoja alibeba matofali, mmoja aliuza mitumba, mimi niliosha magari. Baba aliposikia tunataka kwenda Tanzania kupanda mlima aliniuliza, "Kwani Mlima Kenya umehamishwa?" Swali la haki. Lakini kilele cha Batian, chenye mita 5,199, hakifikiwi ila kwa kamba na ujuzi wa kukwea majabali, na watembeaji huishia Lenana, mita 4,985. Uhuru, kilele cha Kibo, hufikiwa kwa miguu mitupu. Yaani miguu iliyovaa viatu, usije ukanielewa vibaya.

Hapa tuseme kidogo juu ya vitenzi. Mtu hupanda mlima, naam, ila hupanda mbegu pia, na hupanda basi. Kukwea ni kupanda mahali palipo wima. Kuparaga ni kuukumbatia mti kwa mikono na miguu ukajivuta juu. Kuparamia ni kupanda kwa pupa bila kujali. Sisi tulidhani tunakwenda kupanda. Ukweli ni kwamba tuliparamia.

Tulipita Namanga, Arusha, tukafika Moshi jioni tukiwa na shanta zetu mgongoni. (Shanta ndilo jina la mkoba wa mgongoni, wengi wenu mnauita begi na kuishia hapo.) Katika mkahawa mdogo mwenzetu mmoja aliita, "Mama, leta chai nne!" Yule mama alimtazama, akatabasamu, akasema, "Hamjambo wanangu. Mmetoka Kenya, eeh?" Tulijikunyata. Kumbe huanza shikamoo, ukajibiwa marahaba, ndipo ukasema naomba. Kwetu bara "leta" si tusi, ni njaa tu. Kule ni kama kuingia nyumbani mwa watu bila hodi.

Huruhusiwi kuupanda mlima ule bila kiongozi mwenye leseni. Wetu alikuwa Mchaga wa Marangu, makamo ya baba zetu, mpole wa maneno. Tulimwita mzee. Wapagazi walikuwa vijana wa rika letu. Neno mpagazi latokana na kupagaa, kubeba mzigo mabegani, na ndugu yake ni kupagawa, kubebwa wewe na pepo. Wenyewe hujiita wagumu. Langoni mizigo hupimwa, na mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Wakatupita njiani na mizigo kichwani, wakisema "poleni, poleni", nasi mikono mitupu tukihema. Msomaji, hapo pana mtego wa lugha. Mzungu mmoja tuliyeandamana naye njiani alidhani kila anayemwambia "pole" anamwamuru apunguze mwendo, akawa anasimama kila mara. Pole ya kuhurumiwa na polepole ya mwendo ni watoto wa mama mmoja, lakini kila mmoja ana kazi yake.

Siku ya kwanza ni msitu wenye umande na kima, hadi vibanda vya Mandara, kama mita 2,700. Siku ya pili msitu huisha, yakaja majani na vichaka, na ile mimea mirefu ya ajabu iliyovaa majani makavu kama koti. Unalala Horombo, kama mita 3,700. Siku ya tatu ni jangwa la mawe katikati ya Kibo na Mawenzi, hadi kibanda cha Kibo, kama mita 4,700. Usiku wa manane wa siku hiyo ndipo watu huanza kupanda changarawe kuelekea kileleni. Wenye busara hulala Horombo usiku wa ziada. Kiongozi alitushauri hivyo tukiwa bado Moshi. Sisi tulipiga hesabu ya mfuko, tukachagua siku tano badala ya sita.

Hebu tuelewe kosa hilo. Watu husema huko juu oksijeni ni kidogo hewani. Si hivyo hasa. Hewa ya Mombasa na hewa ya Kibo zote zina oksijeni kama sehemu 21 kwa 100. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe. Kwenye Uhuru mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa ufuoni, kwa hiyo kila pumzi hukuletea karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili hujizoesha kwa kupumua upesi na kuongeza chembechembe nyekundu za damu, lakini hutaka siku. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, kila usiku usilale juu ya ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na upumzike siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Sisi tulipanda mita elfu moja kwa siku. Asiyejipa muda huumwa kichwa, hukosa hamu ya kula, hutapika. Akilazimisha, maji huweza kuingia mapafuni au ubongo ukavimba, na hapo ni suala la kufa au kupona. Dawa kubwa ni moja: kushuka.

Kila jioni mzee alituuliza mmoja mmoja, "Unajisikiaje?" Nasi Wakenya tukajibu kwa mazoea.

"Poa, mzee."

"Kichwa?"

"Fiti."

Poa ni kitenzi kizuri. Chai hupoa, homa hupoa, hasira hupoa. Vijana tumekifanya jibu la kila swali, na jibu la kila swali halijibu lolote. Kule Horombo, mwenzetu tuliyemwita Bwana Ngeli aliamka usiku akatapika nyuma ya kibanda. Nilimfuata na tochi. Akanishika mkono, "Usiniuze, ndugu yangu. Nimebeba matofali mwaka mzima kwa ajili ya kilele hiki." Nikaapa kunyamaza. Asubuhi mzee alipouliza, Ngeli alijibu poa, nami nikaangalia viatu vyangu.

Jina la Bwana Ngeli hakulipata bure. Waliokuwa hapa wakati wetu wanakumbuka alivyomsahihisha mgeni wa heshima siku ya kongamano, mbele ya umati. Hakuwahi kukosea upatanisho, hata akiota. Basi tulipofika Kibo alasiri, akaukataa uji, akakaa kitandani akipekua shanta. Kisha akasema, "Viatu yangu imepotea. Maji iko wapi?"

Wenzetu wawili walicheka, wakidhani anafanya mzaha. Kwa wengi wetu hicho ni Kiswahili cha kila siku ndani ya matatu. Kwa Ngeli, ilikuwa kama kusikia kengele ya shule ikilia saa nane za usiku. Viatu alikuwa amevivaa.

Nilitoka nje nikamwambia mzee yote: kutapika kwa Horombo, kiapo, na ngeli zilizovurugika. Hilo la ngeli niliona haya kulisema, lakini mzee hakucheka. Alikuja akamwomba Ngeli atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya tatu akapepesuka kama mlevi, akadakwa. "Huyu anashuka sasa hivi," mzee akasema. Hakungoja asubuhi. Ngeli alinitazama, akatamka neno moja tu: "Msaliti."

Walimfunga kwenye machela yenye gurudumu moja, wapagazi wanne wakaishika, msaidizi wa kiongozi akatangulia na taa. Mimi nilishuka nao. Mtu mmoja alitakiwa awe naye wa kumfahamu akisema sawa na akisema ovyo, na nilikuwa na deni. Gurudumu lilipiga mawe ngo, ngo, ngo, naye akipayuka kuhusu matofali. Sijawahi kuogopa vile. Tulifika Horombo kama saa tatu usiku. Wakamwingiza kibandani, wakamfunika, nikakaa kando yake. Baada ya muda aliomba uji, akanywa nusu kikombe, akafumba macho. Kisha akauliza, "Viatu vyangu viko wapi?"

Vyangu. Viko. Nililia pale pale, mbele ya wagumu.

Wenzetu waliobaki walipanda usiku ule. Mmoja aliishia Gilman's Point, ukingoni mwa kasoko. Mwingine akafika Uhuru jua likichomoza. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika hapo tarehe 6 Oktoba 1889, na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu hutajwa kuwa ndiye aliyewaongoza. Wakati wa Wajerumani kilele kiliitwa kwa jina la mfalme wao. Tanganyika ilipopata uhuru, Desemba 1961, Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge pale juu, na jina likawa Uhuru. Mwenzetu alituambia barafu aliyoiona ilikuwa vipande vilivyotawanyika, wala si kofia nzima kama ya kwenye picha za zamani. Ni kweli: watafiti walipolinganisha ramani, waliona kwamba kati ya 1912 na 2007 asilimia 85 hivi ya barafu ya mlima ule ilikuwa imetoweka. Mjukuu wa yule mwongozaji wa Rebmann huenda akakosa neno tena, kwa sababu nyingine.

Bwana Ngeli hakunisemesha hadi Namanga. Kwenye foleni ya pasi nilimwambia, "Nyaraka zangu ziko ndani ya begi." Akanigeukia. "Shanta," akasema.

Sasa zoezi, kwa wale wa kidato cha kwanza hadi cha tatu. Eleza kwa sentensi moja moja tofauti ya kuhema na kutweta, kizunguzungu na kichefuchefu, kupepesuka na kuporomoka, kupayuka na kunong'ona. Tunga mazungumzo ya kiongozi na mpanda mlima ambaye haruhusiwi kutumia maneno poa, fiti, sawa wala freshi, na ambaye lazima aseme panapomuuma, tangu lini, na kwa kiasi gani. Kisha uandike upya kwa upatanisho sahihi: Viatu yangu imepotea, maji iko wapi? Majibu yapelekwe kwa katibu wa chama kabla ya kufunga muhula.