Lami Imefika, Bei Je? Maswali ya Kawaida kuhusu Safari ya Mazao kutoka Kabanga hadi Sokoni

Kwa miaka mingi, ukiuliza kwa nini mahindi na maharage ya Kasulu na Kibondo yananunuliwa kwa bei ya chini, ungejibiwa kwamba barabara ni mbovu. Sasa lami imetandazwa, umeme wa gridi umefika na reli mpya inajengwa. Maelezo haya yanajibu maswali ya kawaida ya wakulima, wachuuzi na vyama vya ushirika vya Kabanga, wilayani Kasulu, na jirani zake kuhusu mnyororo wa ugavi wa mazao.

Mnyororo wa ugavi ni nini?

Ni hatua zote ambazo bidhaa hupitia tangu inapotoka hadi inapotumika. Kwa gunia la mahindi, hatua hizo ni kukausha, kupukuchua, kulitoa shambani kwa baiskeli au bodaboda, kulipima, kulihifadhi, kulipakia kwenye lori na kulifikisha mashineni au sokoni. Mbolea, saruji na dawa za hospitali hupita njia hiyohiyo kwa kuigeuza. Hatua moja ikikwama, gharama yake huongezwa kwa mlaji au hukatwa kwa mkulima, na mara nyingi hukatwa kwa mkulima kwa sababu ndiye asiyeweza kusubiri.

Ni barabara zipi zilizojengwa?

Kutoka upande wa Kigoma, kipande cha Kidahwe hadi Kasulu kina kilometa 63. Kutoka Nyakanazi, kipande cha kwanza kinafika Kabingo, wilayani Kakonko, kilometa 50. Kati ya vipande hivyo upo mradi wa Kabingo–Kibondo–Kasulu–Manyovu wa kilometa 260 hivi, uliogawanywa vipande vinne na kukopeshewa fedha na Benki ya Maendeleo ya Afrika, iliyoidhinisha mkopo huo mwaka 2018. Kwa njia hii nyanda za juu za Kigoma zinaunganishwa na Kanda ya Ziwa upande mmoja na mpaka wa Burundi upande mwingine. Kwa anayeelekea Tabora, Daraja la Kikwete katika Mto Malagarasi limekuwa likitumika tangu mwaka 2015.

Kama barabara ni nzuri, kwa nini bei ya shambani haipandi yenyewe?

Lami hupunguza gharama ya lori. Anayefaidi punguzo hilo ni yule mwenye nguvu katika majadiliano ya bei. Mnunuzi akikuta kila kaya inauza magunia mawili matatu, wiki ileile ya mavuno, kila mmoja akiwa na ada ya shule au deni la kulipa, hana sababu ya kuongeza bei. Lami imemrahisishia tu kufika mapema.

Akikuta mzigo wa tani kumi umekusanywa mahali pamoja, umekauka, umepimwa, na wenye mali wanaweza kuusubirisha miezi miwili, mazungumzo hubadilika. Tena lori linalojaa kituo kimoja halipotezi siku likizunguka vitongojini, na siku hizo hulipwa na mtu. Kwa hiyo barabara humleta mnunuzi mlangoni, lakini bei huamuliwa na ghala na mizani.

Barabara ya kitongojini kwetu haipitiki masika. Nimlalamikie nani?

Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na Wakala wa Barabara (TANROADS). Barabara za wilaya, mijini na vijijini zinasimamiwa na TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017. Hoja ya kalavati lililobomoka ipitishwe kwenye mkutano wa kijiji, iandikwe katika muhtasari, kisha mtendaji na diwani waifikishe kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Mara nyingi kilometa tatu za tope kati ya shamba na lami ndizo ghali kuliko zote katika safari nzima, kwa sababu hapo mzigo hubebwa gunia moja moja.

Lumbesa ina ubaya gani? Si mazoea tu?

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni kosa kisheria. Mazao huuzwa kwa uzito kwenye mizani iliyohakikiwa, na uzito wa gunia haupaswi kuzidi kilo 100. Tuseme gunia la lumbesa lina kilo 130 na unalipwa bei ya kilo 100. Ukiuza magunia kumi umetoa kilo 300 bure, yaani magunia matatu. Anayelazimisha lumbesa aripotiwe Wakala wa Vipimo au ofisi ya kijiji.

Tukihifadhi, mahindi yataharibika. Tufanyeje?

Yanayoharibika ni yale yaliyowekwa yakiwa mabichi. Kiwango cha unyevu kinachokubalika kwa mahindi katika Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Yakizidi hapo hupata ukungu unaozalisha sumukuvu, sumu isiyoondoka kwa kupika, na mnunuzi mkubwa akipima huyakataa. Yaanike juu ya turubai, usiyaanike kwenye udongo. Kama hakuna kipima unyevu, weka mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa dakika chache, kisha yaache yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Yakishakauka, mifuko isiyopitisha hewa huwaua wadudu bila dawa, mradi ifungwe vizuri na isitobolewe.

Stakabadhi ghalani inafanyaje kazi?

Mkulima hupeleka mazao katika ghala lenye leseni, mazao hupimwa uzito na ubora, naye hupewa stakabadhi inayoonyesha mali yake. Mazao huuzwa kwa mnada, na mkulima hulipwa baadaye. Mfumo huu una sheria yake tangu mwaka 2005, na wakulima wa korosho wa kusini wameutumia kwa muda mrefu. Faida yake ni ushindani wa wanunuzi. Ugumu wake ni kusubiri malipo, kwa hiyo uliza mapema chama chako cha msingi kitalipa lini na kitakata makato gani.

Nikisafirisha mazao machache, natozwa ushuru?

Katika bajeti ya 2017/18 serikali ilitangaza kushusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula. Mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine uliondolewa ushuru. Ukilipa ushuru wowote, dai risiti. Kwa biashara ya Burundi kupitia Manyovu au Mabamba, mfanyabiashara mdogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Ulizia pia vibali vya mazao ya chakula na cheti cha afya ya mimea kabla hujapakia.

Reli mpya itapita kwetu?

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo haikupita Kasulu wala Kibondo. Reli ya kisasa ya Tabora–Kigoma, kilometa 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Tawi lake kutoka Uvinza linaelekea Musongati, Burundi, ambako jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2025. Behewa hubeba mzigo mzito kwa gharama ndogo kuliko lori, lakini halifuati gunia nyumbani. Wilaya zitakazofaidi ni zile zitakazokuwa na mzigo uliokusanywa na barabara ya kuufikisha stesheni.





Umeme wa gridi unahusianaje na haya?

Kabla ya gridi kufika, Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli, na kiwanda kinachotegemea dizeli hushindwa bei. Mradi wa umeme wa Malagarasi wa megawati 49.5 unalenga kuongeza nguvu ya gridi hiyo. Kwa umeme huo, mahindi yakikobolewa, kusagwa na kufungashwa Kasulu, unga husafiri bila pumba, na pumba hubaki kulisha mifugo ya hapa.

Tuanzie wapi msimu huu?

- Kaya kumi au ishirini zikubaliane mahali pamoja pa kukusanyia na siku ya kuuza.
- Changieni turubai na mizani, kisha mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo.
- Ulizeni bei za Kasulu mjini, Kigoma na Kahama kabla mnunuzi hajafika.
- Msiuze mavuno yote kwa pamoja. Uzeni ya kulipia ada na madeni, yaliyobaki yawekwe yakiwa makavu.
- Jisajilini mapema kwa mbolea ya ruzuku, ili ifike kabla ya mvua za Oktoba na Novemba kuharibu njia za vijijini.