Sumaku ya Tunduma

Nikiwa field Tunduma, nilifundisha sumaku kidato cha pili. Nikaeleza kuwa Waingereza husema magnet, kutokana na jina la Kigiriki la jiwe la Magnesia, na kwamba sumaku huvuta chuma, haivuti shaba.

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona mpaka unavuta malori ya shaba kutoka Zambia?"

Darasa zima likacheka. Nikajibu hiyo ni sitiari: mahali pakivutia watu, husemwa pana sumaku.

Wiki iliyofuata dawati lake lilikuwa tupu. Nikamkuta barabarani anachenji kwacha.

Nguvu ya sumaku huzidi ukiisogelea, naye anaishi hatua chache tu kutoka mpakani. Sisi walimu watarajiwa, darasa letu litamvuta kwa kitu gani?