Penzi Jipya Wakati Rafiki Yungali Msibani

Anayemsindikiza rafiki katika majonzi naye ana maisha yake, na maisha hayo hayangoji matanga yaishe. Pengine katikati ya safari hiyo hupata mchumba. Hapo huzuka swali ambalo ni nadra kuulizwa zahanati: je, furaha ya mmoja humdhuru mwenzake?

Chukulia mwalimu wa Kasulu ambaye rafiki yake wa tangu shuleni, mkazi wa Kibondo, amefiwa na mume mwezi Februari. Siku za mwanzo nyumba hujaa; majirani hupika, huchanga, hulala hapo. Matanga yakiondolewa, kila mtu hurudi shambani kwake. Anayebaki ni mwalimu, ambaye kila mwisho wa juma hupanda basi kupitia Makere. Kufikia kiangazi, mwalimu ameposwa. Kwa kumhurumia mjane, anaficha. Ziara zinapungua, simu zinakuwa fupi, visingizio vinaongezeka. Mjane haioni huruma hiyo; anachokiona ni kuachwa mara ya pili. Tena posa haifichiki: mahari ikishapelekwa, habari hufika Kibondo kabla ya mwenyewe.

Kinachoumiza hapo ni kificho kuliko penzi lenyewe. Mwaka 1999, Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya pande mbili: mara huikabili huzuni yake, mara huyashughulikia maisha mapya, na kupumzika kutoka upande mmoja ni sehemu ya kupona. Kwa hiyo habari za harusi si lazima zimvunje moyo. Huenda siku moja akataka kuchagua kitambaa, na siku ya pili asitake hata kusikia.

Habari hiyo hupelekwa ana kwa ana, faraghani. Maneno machache yanatosha: “Dada, nimeposwa. Nimetaka uisikie kwangu kwanza. Jumamosi nakuja kama kawaida.” Sentensi ya tatu ndiyo yenye uzito, na ni lazima itimizwe. Mjane akilia, aachwe alie. Asilazimishwe kuingia katika kamati ya harusi, wala asiondolewe bila kuulizwa. Akiwa Mwislamu aliye katika eda ya miezi 4 na siku 10, bibi harusi ndiye wa kumfuata nyumbani. Naye mchumba aelezwe mapema Jumamosi hizo ni za nani.

Ndugu wengine huitumia harusi hiyo kumshinikiza mjane naye aolewe, pengine na shemeji yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa uhuru wa kubaki bila mume au kuolewa na amtakaye.

Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, wapo wanaoomboleza mbali na makaburi ya wapendwa wao, na rafiki mmoja huweza kuwa ndiye ukoo mzima. Huyo asipunguze ziara kabla ya kumzoesha mfiwa mtu wa pili.

Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wa magonjwa ulioanza kutumika 2022, linautambua ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu: shauku kali ya kumtamani marehemu inayozidi miezi 6, ikapita desturi za jamii husika na kumzuia mtu kufanya kazi zake. Mfiwa wa namna hiyo asindikizwe kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Na wakati wowote anaposema haoni sababu ya kuishi, aulizwe waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo, na asiachwe peke yake hadi afikishwe kwa mhudumu.