Nipige, Nipigie, Nimepigwa: Umuhimu na Uhalali wa Picha za Mtaani

Utangulizi

Msafiri atokaye Keroka kuelekea Sotik hupitia Nyansiongo, mji mdogo wa Borabu katika Kaunti ya Nyamira, uliopakana na mashamba ya majani chai. Siku ya soko huwa pana mengi ya kutazama kandokando ya barabara: wachuuzi wa ndizi, wanabodaboda wanaosubiri abiria, wakulima wanaorejea kutoka kupeleka chai. Zamani mpiga picha katika mji kama huu alijulikana. Watu walimwendea, wakajipanga, wakamlipa, kisha wakarudi baada ya siku kadhaa kuchukua picha zao. Leo kila mwenye simu ni mpiga picha, na anayepigwa huenda asijue.

Makala hii inanuia kujibu maswali mawili: je, picha za mtaani zina umuhimu gani, na je, ni halali? Tunashikilia kwamba sheria ya Kenya haikatazi kwa jumla kumpiga mtu picha barabarani. Swali lake kuu ni picha hiyo inakwenda kufanya kazi gani.

Ridhaa katika Kitenzi

Kama wanafunzi wa lugha, tuanze na kitenzi. Tutazame sentensi tatu:

(1) Nipige picha.
(2) Nipigie picha.
(3) Nimepigwa picha.

Katika (1), msemaji ni yambwa tendwa: ndiye atakayeonekana pichani, na ameomba mwenyewe. Katika (2), kiambishi cha kutendea kinamfanya awe yambwa tendewa: picha ni kwa manufaa yake, hata kama inaonyesha ng'ombe wake au harusi ya dada yake. Katika (3), kauli ya kutendwa inatwambia kwamba tendo limetokea, lakini mtenda hatajwi, na hatujui kama msemaji aliridhia. Mpiga picha wa zamani aliishi kwa sentensi ya kwanza na ya pili. Picha za mtaani za leo ziko katika ya tatu. Mjadala wa uhalali umo humo: ni nani aliyepiga, kwa manufaa ya nani, na kwa ridhaa gani?

Umuhimu wa Picha za Mtaani

Yamkini msomaji atauliza: kwa nini basi tusipige tu wale walioomba? Jibu ni kwamba anayeomba kupigwa hujipamba kwanza. Picha iliyopigwa bila maandalizi huhifadhi bei iliyoandikwa kwa chokaa, viatu vilivyochakaa, bango la uchaguzi. Hiyo ni kumbukumbu ya jamii.

Aidha, picha ni shahidi. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka wa Borabu na Sotik ulikumbwa na vurugu. Nyumba ziliteketezwa na watu wakahama makwao. Mwaka 2009, mpiga picha Boniface Mwangi na wenzake walianzisha Picha Mtaani, maonyesho yaliyozitembeza picha za machafuko ya nchi hii katika barabara za miji mbalimbali ili wananchi wajitazame. Lau wapiga picha wangalingoja ridhaa ya kila aliyeshika panga, ushahidi huo usingalikuwapo.

Sheria Yasemaje

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaziweka haki mbili kwenye mizani. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza, ukiwemo ubunifu wa kisanaa, lakini inamtaka anayeutumia aheshimu haki na sifa za wengine. Ibara ya 31 inalinda faragha, na ya 28 inalinda heshima ya kila mtu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ilifafanua zaidi. Picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi. Anayepiga kwa matumizi yake ya nyumbani pekee hafungwi na masharti ya sheria hiyo. Kifungu cha 52 nacho kinatoa nafasi kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa pale ambapo uchapishaji una manufaa kwa umma. Kwa upande mwingine, data ya mtoto huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi.

Sheria hii ina meno. Mwaka 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza mgahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hali kadhalika, katika uamuzi wa mwaka 2017, Mahakama Kuu ilieleza mambo matatu ambayo mlalamishi hupaswa kuthibitisha: kwamba sura yake ilitumiwa, kwamba matumizi yalikuwa ya kujinufaisha, na kwamba hakuridhia.

Maelezo Yanayoandamana na Picha

Hata hivyo, si kila lililo halali linafaa. Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana anampiga picha nyanya mmoja aliyesimama peke yake pembeni mwa soko la Nyansiongo jioni. Picha yenyewe haina kosa. Kisha anaisambaza kwa simu akiandika chini yake neno moja: mchawi.

Kwingineko huo ungekuwa mzaha mbaya. Katika maeneo ya Kisii na Nyamira ni hatari ya kifo. Mwezi wa Mei mwaka 2008, watu 11 waliotuhumiwa kwa uchawi waliuawa kwa kuchomwa moto huko Kisii. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, wanawake wanne waliuawa huko Marani kwa tuhuma kama hiyo. Hatusemi kwamba kamera ndiyo iliyosababisha vifo hivyo. Tunasema kwamba mahali ambapo tuhuma tupu imeua, sura ya mtu ikiunganishwa na tuhuma inakuwa mwongozo kwa wauaji. Hapa kosa limo katika maneno, na maneno ndiyo taaluma yetu.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba picha za mtaani ni halali kwa jumla na zina manufaa, lakini uhalali huo hupungua kadiri picha inavyotoka kwenye kumbukumbu na kuingia kwenye biashara, kejeli au tuhuma. Anayepiga na ajiulize: mtu huyu angeiona picha hii pamoja na maelezo yake, angesema "umenipigia" au "umenipiga"? Akiwa na shaka, amwendee amwulize. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya Mjadala

1. Tofautisha dhima ya yambwa katika "nipige picha" na "nipigie picha". Tunga mifano miwili zaidi kwa kitenzi kingine.
2. Je, mpiga picha za machafuko anapaswa kuficha sura za wahusika? Tetea jibu lako.