Dondoo muhimu: Kujiendeshea gari mbugani Namibia

• Nenda kati ya Juni na Oktoba. Ukame huwakusanya wanyama wa Hifadhi ya Etosha kwenye mabwawa ya maji. Lile la kambi ya Okaukuejo humulikwa taa usiku.

• Kambi za ndani ya hifadhi hujaa upesi. Weka nafasi miezi kadhaa kabla.

• Kwenye changarawe usizidi kilomita 80 kwa saa. Beba matairi mawili ya akiba.

• Jaza mafuta kila ukipita kituo. Maji ya kunywa yasikuishie.

• Kilomita 5 za mwisho kufika Sossusvlei, kwenye jangwa la Namib, ni mchanga mtupu: punguza upepo wa matairi, tumia magurudumu yote manne.

• Usiendeshe usiku. Tandala hukatiza barabara ghafla.